Masikilizano: Baraza la Watu Wengi katika Uvira

Kwa Kiswahili chetu cha Uvira, watu wawili wakimaliza ugomvi hatusemi kwamba mmoja ameshinda. Tunasema: «Wamesikilizana.» Na lile neno walilofikia tunaliita masikilizano. Ndugu zetu wa Tanzania wanapenda kusema mapatano ao makubaliano, nao hawakosei. Lakini sisi wa ufuko huu tunafurahia neno letu, kwa sababu linaonyesha kazi yenyewe. Ndani ya masikilizano kuna kusikia, na kusikia huko ni kwa pande mbili. Mtu hawezi kusikilizana peke yake.

Katika insha hii tunapenda kuonyesha, kwa historia ya mji wetu na ya kichwa cha kaskazini cha ziwa Tanganyika, kwamba pale watu waliposikia kweli neno la yule asiyefanana nao, ujirani ulijengwa. Pale walipokataa kusikia, hata karatasi zenye sahihi nyingi hazikuzuia kitu. Hatuandiki kama mahakimu. Sisi wenyewe, wanachama wa jumuiya hii, tulianguka katika kosa hilo tulipokuwa tunatayarisha kitabu hiki, na tutalieleza mbele.

1. Mto unaingia ao unatoka?

Tuanze na mto Ruzizi. Kila mtoto wa Kavimvira anajua kwamba maji ya Ruzizi yanatoka ziwa Kivu, yanashuka katika bonde na kuingia katika ziwa letu. Lakini katika karne ya 19 jambo hili lilikuwa swali kubwa kule Ulaya, kwani Wazungu walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Nile. Kama Ruzizi ungekuwa unatoka Tanganyika kuelekea kaskazini, basi pengine Tanganyika ndiyo mama wa Nile.

Tarehe 26 Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Mbele ya safari hiyo Speke alikuwa amevuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge, kwa mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Hamed bin Sulayyim. Alirudi na uhakika kwamba Sheikh huyo alimweleza juu ya mto mkubwa unaotoka ziwani upande wa kaskazini.

Walipofika Uvira, wana watatu wa sultani Maruta walikuja kuwaamkia. Wakaulizwa juu ya mto. Wote watatu wakajibu neno moja: unaingia. Na watu wengine waliokuwa pale wakasema vilevile. Hapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa na ambaye sasa alikuwa anatumika katika safari ile, akaeleza kwamba Speke hakumsikia Sheikh vizuri. Sheikh alikuwa amesema mto unaingia, si unatoka. Wapiga kasia wakaogopa watu wa mbele, wakakataa kuendelea mpaka mdomoni mwa mto, na wageni wale wakarudi bila kuuona kwa macho.

Burton aliandika jibu la watu wa Uvira katika kitabu chake. Lakini mwaka wa 1864, ugomvi wake na Speke juu ya Nile ulipokuwa mkali, aligeuka na kutetea tena kwamba huenda Ruzizi unatoka ziwani. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi mpaka kichwa cha ziwa, wakaona wenyewe: unaingia. Miaka 13 ilipita ili kuhakikisha jambo ambalo vijana watatu wa Uvira walilisema kwa siku moja.

Hatusemi haya kwa kuwacheka. Kwenda kuona kwa macho ni jambo jema. Ila tunaona hapo namna tatu za kutosikia. Speke alisikia kile alichotamani kusikia. Burton alisikia vizuri, halafu ugomvi ukamfanya aache kile alichosikia. Na wakubwa wa London hawakuhesabu neno la mtu wa ufukoni kuwa ushahidi wa kutosha. Namna hizo tatu tutakutana nazo tena, na mara hii si kati ya Wazungu, ni kati yetu.

2. Mahali pa kukaa

Uvira ni mji mwembamba. Magharibi kuna milima, mashariki kuna maji, na watu wanaishi katikati. Aliyetoka milimani na ng'ombe, aliyetoka bondeni na mihogo, aliyetoka ziwani na ndagala, wote walikutana hapa, wapende wasipende. Ndiyo maana tuko na Bavira, Bafuliru, Barundi, Babembe, Bazoba, Banyindu, Banyamulenge, Bashi, Barega na wengine. Katika karne ya 19 walikuja pia Wangwana kutoka Ujiji na pwani. Walileta biashara na dini ya Kiislamu, lakini walileta pia bunduki na minyororo ya watumwa, wala hatutaki kulificha hilo. Lugha yao ilibaki. Na kwa kuwa Kiswahili hakikuwa cha kabila lolote la hapa, kikawa lugha ya wote. Mtu akisema kwa Kiswahili hakuna anayejisikia kwamba yuko nyumbani kwa mwingine.

Kila watu walikuwa na mahali pao pa kukaa na kusema. Babembe walikuwa na lubunga, ile nyumba ya wanaume katikati ya kijiji ambako wazee walikata mashauri na vijana walijifunza kwa kusikia. Barundi walikuwa na bashingantahe, wazee waliochaguliwa kwa heshima yao, wenye fimbo ya intahe. Bavira na Bafuliru walipeleka maneno yao kwa wakubwa wa ukoo, na yaliyoshindikana yakafika kwa mwami. Na neno baraza lilitoka pwani, ambako ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba wanapokaa wageni na majirani. Huku kwetu likageuka barza, na sasa hata varanda ya nyumba ndogo ya Mulongwe tunaiita hivyo. Hatuoni kwamba ni bahati tu. Barza si ndani na si njiani. Ni pale ambapo mtu asiye wa nyumba anaweza kukaa bila kubisha mlango.

Tuangalie kidogo desturi ya bashingantahe. Wenye ugomvi walisema mmoja mmoja, na wakati mmoja anasema mwingine ananyamaza. Kisha mashahidi wakasikiwa. Baada ya hapo wazee hawakuhukumu palepale: walijitenga kando wakashauriana, halafu wakarudi na neno moja. Mara nyingi jambo liliishia kwenye kibuyu cha pombe kilichonywewa na pande zote mbili. Tunapenda hasa ule mwendo wa kujitenga. Kati ya kusikia na kujibu kulikuwa na nafasi. Siku hizi, katika mikutano yetu mingi, mtu anatayarisha jibu lake wakati mwenzake hajamaliza kusema.

Lakini tusiwasifu babu zetu kupita kiasi. Katika baraza nyingi mwanamke hakukaa, kijana hakusema, na mgeni alisemewa na yule aliyempokea. Tulifundishwa wote kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Ila hatukufundishwa ni guu la nani linavunjika mkuu naye asiposikia la mdogo.

3. Namna baraza zilivyovunjika

Wabelgiji walitaka kila kabila liwe na mwami wake, mpaka wake na kitabu chake cha kodi. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipanga sheferi na sekta katika Kongo nzima. Mpaka leo teritware ya Uvira iko na sheferi tatu: ya Bavira, ya Bafuliru, na ya Barundi wa bonde la Ruzizi. Mipaka ilipoandikwa, jirani akaanza kuwa mgeni kwa karatasi. Wengine, kama Banyamulenge, walibaki bila sheferi yao. Na sheria ya uraia ya mwaka wa 1981 ikafanya swali la «wewe ni wa wapi?» kuwa swali la kuogopesha.

Kisha zikaja vita. Mwezi Aprili 1964 uasi ulianza bondeni, na mwezi Mei Uvira ikawa mikononi mwa waasi. Katika uasi huo kila jamii ilichagua upande, ao ilichaguliwa upande na wengine, na makovu yake yanaonekana mpaka leo. Mwezi Oktoba 1996 vita iliyomwondoa Mobutu ilianzia huku kwetu, na wakimbizi wa Burundi waliokuwa katika kambi za bonde wakatawanyika pamoja na wenyeji.

Tunataja misiba miwili. Mwisho wa mwaka wa 1998 na mwanzo wa 1999, kule Makobola, kusini mwa Uvira, mamia ya raia waliuawa, wengi wao Babembe. Tarehe 13 Agosti 2004, kule Gatumba, ng'ambo ya mpaka, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa katika kambi usiku mmoja, wengi wao Banyamulenge. Kwa muda mrefu katika mji huu ukimtajia mtu Makobola, anakujibu: «Na Gatumba?» Ukimtajia mwingine Gatumba, anakujibu: «Na Makobola?» Msiba wa mmoja umekuwa jibu la kuzima msiba wa mwenzake. Maiti ya jirani hailiwi mpaka kwanza aimalize kulia ya kwetu.

Ndipo tunamkumbuka Burton. Si kwamba watu hawakusikia. Walisikia, wanajua majina, wanajua makaburi. Ugomvi ndio uliowafanya waache kile walichosikia.

4. Kosa letu wenyewe

Tulipoanza kukusanya maandishi ya kitabu hiki, tulipanga sura moja yenye kichwa: «Nani alifika wa kwanza?» Tulifikiri ni swali la historia tu. Tukaalika wazee wa jamii mbalimbali, tukapanga viti, tukaandaa daftari.

Kikao cha kwanza hakikufika saa moja. Mzee mmoja alianza na Lwindi, kule magharibi, ambako mapokeo ya Bavira na Bafuliru yanasema ndiko walikotoka. Mwingine alijibu na wafalme wa Burundi. Wa tatu alitaja kilima cha Mulenge. Wa nne alisema babu zake walikuwa wakivua samaki wakati hao wengine wote hawajayaona maji. Kila mmoja aliposema, wengine walitazama saa. Katika kikao cha pili watu walisimama na kunyoosheana vidole. Katika kikao cha tatu viti viwili vilibaki wazi.

Mama mmoja muuza ndagala alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akingoja mume wake amalize. Hatukumwalika, na jina lake halikuwa katika daftari. Akasema kwa sauti ndogo: «Munauliza nani alifika mbele. Mbona hamuulize ni nani alipokea mwenzake?»

Tulinyamaza. Tulijua mara moja kwamba swali letu lilikuwa na mshindi mmoja tu, na kila aliyekuja alikuja kushinda. Swali lake lilikuwa na nafasi kwa wote.

Kikao cha nne tuliuliza hivyo: «Ukoo wenu ulipofika hapa, ao siku mlipokimbia, ni nani aliwapokea?» Mzee mmoja akaeleza namna babu yake alivyopewa kiwanja na mkubwa wa ukoo wa Kivira, akatoa mbuzi na jembe, na watoto wao wakaoana. Mwingine akakumbuka uasi wa 1964, mama yake alipojificha siku nyingi katika shamba la watu wasio wa kabila lake, na namna walivyomletea chakula usiku. Mwingine akasema juu ya maziwa ya milimani yaliyobadilishwa na mihogo ya bondeni katika mwaka wa njaa, bila mizani. Mwingine, ambaye baba yake alivuka kutoka Burundi katika mauaji ya 1972, akataja nyumba iliyomfungulia. Na yule aliyemfuata akacheka kidogo akasema: «Sisi mu 1996 tulivuka kwenda kwao. Tuko na deni moja.»

Jioni ile hakuna aliyeondoka bila kuwa ametajwa kama mpokeaji, na hakuna aliyeondoka bila kuwa amepokelewa. Tusiseme uongo: swali la ardhi halikuisha, wala la waliouawa. Wazee wawili bado hawasalimiani vizuri. Lakini viti vyote vilikuwa na watu, na wakati mmoja aliposema, hakuna aliyetazama saa.

Na tulitambua namna ya tatu ya kutosikia kuwa ni yetu. Kama wakubwa wa London, tulikuwa na shahidi ndani ya chumba, lakini hatukumhesabu.

5. Ng'ombe na shamba

Kazi kama hiyo ilifanyika pia kwa upana zaidi kabla yetu. Karibu na mwaka wa 2010, mashirika ya Kongo yakisaidiwa na Life & Peace Institute ya Uswidi yalizunguka Uvira, Fizi na Itombwe. Kwanza yalikaa na kila jamii peke yake, ikaeleza historia yake na malalamiko yake. Kisha maneno hayo yakasomwa tena kwa wenyewe, ili waseme kama yameandikwa sawa. Mwisho jamii zikakaa pamoja. Kutoka huko zilizaliwa kamati za jamii mbalimbali, zile tulizozoea kuziita kwa Kifaransa «cadre de concertation».

Moja ya mambo makubwa ilikuwa ng'ombe. Wakati wa kiangazi wafugaji wanashusha ng'ombe kutoka milimani kutafuta majani. Mkulima anasema: ng'ombe wamemaliza mihogo yangu, na mwenye ng'ombe anapita na watu wenye bunduki. Mfugaji anasema: ng'ombe wangu wanaibwa njiani, na itulo, ile zawadi ya kimila ya kuomba majani kwa mwenye ardhi, sasa naombwa na wakubwa watatu kwa njia moja, halafu na wenye silaha tena. Kila mmoja alikuwa na ukweli, na kila mmoja alikuwa amesikia nusu. Waliposikilizana, waliweza kuzungumza juu ya mambo ya kushikika: ng'ombe wapite wapi, washuke lini, itulo ilipwe kwa nani, na shamba likiharibiwa nani aje kupima hasara.

Lakini kusikilizana si dawa inayonywewa mara moja. Mwezi Aprili 2012 mwami wa Barundi, Floribert Ndabagoye, aliuawa, na ugomvi wa zamani juu ya utawala wa bonde ukawaka kati ya Barundi na Bafuliru. Tarehe 6 Juni 2014, kule Mutarule, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengine wakiwa katika ibada. Kule Goma vilevile, Barza ya jamii mbalimbali iliyoanzishwa mwaka wa 1998 ilizuia mambo mengi, halafu siasa ikaigawanya. Mwenye bunduki na mwenye kutafuta kura wanapata faida watu wasiposikilizana, na hao ndio mara nyingi hawakai barzani. Hilo tuliseme wazi, tusije tukawalaumu mkulima na mfugaji peke yao.

6. Maji hayaulizi

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mto Mulongwe ulifurika, ukaingia mjini na mawe na matope. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka. Siku zilizofuata watu walichimba matope kwa majembe na mikono, na hakuna aliyeuliza anayechimbwa ni wa kabila gani. Mwezi Desemba 2025 vita ilifika tena Uvira yenyewe, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na mikeka kichwani. Swali la mama muuza ndagala lilirudi kwetu lenyewe. Nani aliwapokea? Siku moja watoto watauliza, na majina hayo lazima yawe yameandikwa.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wanaosoma kitabu hiki jambo moja dogo. Nenda kwa mzee ao mama asiye wa kabila lako, katika kartie yako. Muulize: «Mlipofika hapa, ni nani aliwapokea?» Usimkatize. Usimjibu kwa historia ya kwenu. Andika anavyosema, kwa maneno yake. Na mbele ya kuondoka, msomee ulichoandika, umuulize: «Ni hivi ulisema?» Speke angemuuliza Sheikh Hamed swali hilo moja, angejua ukweli wa mto wetu kabla hajafika Uvira.

Akikusahihisha, sahihisha. Halafu utuletee daftari. Barza yetu iko wazi, na sasa tumeongeza viti karibu na mlango.